KARATASI HUFUTIKA, UKUTA HAUFUTIKI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemjaalia mwanadamu akili ya kufikiri, ulimi wa kusema na mkono wa kuandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkastaajabu kuliona katika kurasa hizi, nalo ni mchoro wa nyumba. Si kwamba sisi tu wajuzi wa ujenzi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi, na kazi yetu kwa miaka mingi ni kuwasomesha watoto. Lakini tumepatwa na jambo lililotufunza, na mtu aliyejikwaa kisha akanyamaza humwachia jiwe mwenziwe.

Miaka kadhaa iliyopita chuo chetu hapa Tanga kilijaa watoto hata wengine wakawa wanasomea barazani, jua likiwafuata kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Tukaazimia kujenga jengo jipya: chini vyumba viwili vya watoto, na juu ukumbi wa darsa za kina mama. Michango ikakusanywa kwa taabu. Mvuvi alileta chake, mwenye duka akaleta chake; na bibi mmoja jirani yetu, muuza vitumbua, alikuwa akitia katika kisanduku kila Ijumaa sehemu ya faida yake, wala hakukosa Ijumaa hata moja kwa muda wa miaka miwili.

Kazi ya kuchora tulimpa kijana mmoja msanifu wa majengo, ambaye alipokuwa mdogo alipata kukaa katika mkeka wetu akisoma juzuu ya Amma. Alikuja usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akatandaza karatasi kubwa, na pembe zake akazikandamiza kwa vikombe vya kahawa. Akaanza kueleza: hapa ndipo pa kuingilia, hapa pa kutawadha, huu ndio ukumbi. Sisi wazee wa kamati tukainama juu ya karatasi na kutikisa vichwa kwa kukubali. Tuliona mshale wa kaskazini, tukafurahi, kwani huo tuliufahamu wote mara moja. Kibla ya pwani yetu hukaribia sana kaskazini halisi, kwa kuwa Makka na miji yetu huku ziko karibu katika longitudo moja. Zaidi ya mshale ule, Mwenyezi Mungu ndiye shahidi, hatukufahamu kitu. Pembeni mwa mchoro palikuwa na mistari 17 myembamba, imepangwa sambamba. Sisi moyoni tukasema: hii ni mikeka.

Hakuna aliyeuliza. Mwenye kuuliza angeonekana hajui, na katika baraza ile kila mmoja alipenda kuonekana ajua. Tukasema, "Mashaallah, ramani nzuri," tukasoma Fatiha, na kazi ikaanza.

Siku ya kufungua jengo watu walikuja wengi, watoto wakasoma kasida, na kina mama wakaitwa wapande kuuona ukumbi wao. Bibi yule wa vitumbua alivaa kanga mpya. Akafika penye ngazi, akainua kichwa kuitazama. Ilikuwa ngazi nyembamba na ya wima, ya vipandio 17, upande mmoja ukuta na upande wa pili hapana pa kushika. Akaegemea ukuta, akapanda vipandio vitatu, akasimama kuvuta pumzi. Kisha akageuka, akashuka polepole. Tukamwendea. Akatuambia kwa upole, "Maalim, chuo ni kizuri. Mimi nitasikiliza hapa hapa chini." Akaketi penye viatu.

Ndugu msomaji, tumepata kulaumiwa mara nyingi katika maisha yetu, wala hakuna lawama iliyotuchoma kama upole ule. Pesa zake zilikuwa ndani ya kuta zile, naye akabaki nje ya darsa alilolijenga.

Usiku ule tulimwita yule kijana, na hatutaficha kwamba tulimwita kwa hasira. Tukamwambia, "Mwanangu, umetutilia ngazi ambayo hatukukuagiza!" Akatusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akaileta karatasi ile ile, akaweka kidole juu ya mistari 17. "Shikamoo, Maalim. Ngazi ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hii hapa." Tukatazama mikeka yetu. Hatukuwa na la kusema. Naye, kwa adabu, hakutuachia mzigo peke yetu, alisema, "Kosa ni langu pia. Niliwasomea karatasi, sikuwatazama nyuso. Nilidhani kwa kuwa nimesema, basi nimefahamika."

Maneno hayo yalituingia, kwani sisi ni mwalimu. Mtoto akituambia, "Nimehifadhi, Maalim," hatumwachii aende zake, twamwambia, "Haya, soma nikusikie." Twajua kwamba mtoto hutikisa kichwa kwa hofu, kwa haya, na kwa kutaka kwenda kucheza. Hatukubali kichwa chake; twataka kinywa chake. Basi ilikuwaje sisi, tunaojua hila hiyo kwa watoto, tukaifanya wenyewe mbele ya mwanafunzi wetu wa zamani?

Tangu siku ile tulimwomba kijana atufunze kusoma michoro, na tulikaa mbele yake kama yeye alivyokaa mbele yetu. Tuliyoyapata tutawagawia kidogo, maana hapana nyumba ya Kiislamu ambayo siku moja haitaingia katika ujenzi, uwe wa chumba, wa kisima, au wa msikiti.

Kwanza, ramani ya nyumba ni nyumba iliyokatwa. Fikiri kwamba nyumba imekwisha kujengwa, ukaja msumeno mkubwa ukaikata kwa ulalo, usawa wa kifua cha mtu hivi, sehemu ya juu ikaondolewa, nawe ukawa kama ndege aichunguliaye iliyobaki. Kuta zilizokatwa ndizo mistari minene. Mlango huonyeshwa kwa robo ya duara, kwa sababu ubao wa mlango ukifunguka huzunguka kwa mwendo huo. Basi ile robo ya duara yakwambia mlango utafungukia wapi, na utakula nafasi kiasi gani. Mistari ya kukatika-katika huonyesha kilicho juu ya kichwa chako, kama ukingo wa paa. Mistari sambamba yenye mshale ni ngazi, na mshale waelekea kwenye kupanda. Ukiona pameandikwa 1:100, maana yake ni kwamba sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya ardhi.

Pili, uko mchoro mwingine ambao huikata nyumba kwa wima, kama mtu apasuavyo papai akaziona mbegu ndani. Humo ndimo huonekana kimo cha dari na kimo cha kila kipandio. Mchoro huo kijana alikuwa nao usiku ule katika mkoba wake. Lau mmoja wetu angaliuliza, "Mtu mzima atapandaje?" angaliutoa, tukauona wima wa ngazi kabla fundi mwashi hajachanganya saruji.

Tatu, na hili ndilo lililotushangaza zaidi, mchoro wa kwanza haupasi kuwa mzuri. Kijana alitueleza kwamba mbunifu mwenye busara huanza kwa penseli, kwa mistari ya haraka isiyonyooka, ili mwenye nyumba aone kuwa jambo bado halijakatwa na neno lake lina nafasi. Lakini siku hizi kompyuta yaweza kutoa picha ya jengo lenye rangi, miti na mawingu, utadhani limepigwa picha likiwa limesimama. Picha hiyo hupendeza, lakini huwafunga watu vinywa. Nani atathubutu kusema kitu juu ya kazi iliyokwisha? Watu husifu rangi, wakasahau kuuliza mlango. Mchoro wa penseli husema, "Waonaje?" Picha ya rangi husema, "Tazama!"

Tulipoyajua hayo, tulirudi katika vitabu vyetu kwa macho mengine. Hadithi moja tumeisomesha miaka mingi, wala hatukupata kuifikiri kwa upande huu. Imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Abdullahi bin Masud, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la pembe nne, akapiga mstari katikati yake uliotokeza nje, kisha akachora vijistari vidogo vidogo vikiuelekea mstari ule wa katikati. Akaeleza kwamba wa katikati ni mwanadamu. Umbo lililomzunguka ni ajali yake. Kile kilichotokeza nje ni matumaini yake yanayopita umri wake. Na vile vijistari ni misukosuko ya dunia, kimoja kikimkosa champata kingine. Katika hadithi nyingine alipiga mstari mmoja ulionyooka kuwa ndio njia ya Mwenyezi Mungu, na mistari ya kuume na kushoto kuwa ni njia za upotofu.

Tazameni, ndugu zetu. Yeye ndiye mfasaha wa Waarabu, neno lake lilitosha. Hata hivyo alichora, ili jicho lisaidie sikio. Kisha hakuuacha mchoro peke yake. Alieleza kila mstari ni nini. Mchoro na neno vilikwenda pamoja, na jambo zito kama ajali ya mwanadamu likafahamika kwa mistari michache.

Tena tulisoma habari za Baghdad katika tarikhi ya Imamu Tabari. Khalifa Abu Jafar al-Mansur alipoazimia kuujenga mji ule katika mwaka 145 wa Hijra, yaani 762 Miladi, alitaka mji wa duara wenye milango mikuu minne: wa Kufa, wa Basra, wa Khurasan na wa Sham. Wajuzi hakuwakosa. Lakini kabla ya msingi kuchimbwa, aliamuru mji wote uchorwe juu ya ardhi kwa majivu. Akaingia kwa kila mlango uliochorwa, akapita baina ya kuta ambazo bado hazijawa kuta, akazitazama njia na nyua. Kisha akaamuru mistari ile iwekwe mbegu za pamba, zimiminiwe mafuta ya nafta, ziwashwe moto. Akautazama mji wake ukiwaka, akafahamu umbo lake. Baada ya hapo ndipo ilipotolewa amri ya kuchimba misingi.

Khalifa mwenye hazina na majeshi hakuona haya kusema kwa vitendo, "Bado sijauona, nionyesheni tena." Na sisi, wenye kisanduku cha vitumbua, tuliona haya!

Lakini yatupasa tuwe waadilifu. Wako watu ambao mstari mtupu wawatosha. Katika maktaba ya jumba la Topkapi, mjini Istanbul, imehifadhiwa karatasi ndefu ya kukunja yenye urefu wa kama mita 29 na nusu, na ndani yake michoro 114 ya nakshi na matao. Haina maelezo ya namna ya kuichora. Katika mingi ya michoro ile umechorwa upande mdogo tu, ambao fundi ataurudia mpaka nakshi itimie; na chini ya wino ipo mistari isiyo na wino, iliyokwaruzwa kwa ncha kali, yenye kumwonyesha fundi nakshi ilitokana na duara gani na pembe gani. Fundi kwa fundi hufahamiana hivyo. Hata huku kwetu, aliyechora ua la kofia juu ya kitambaa huenda asilishone, na anayeshona hufuata alama bila ya kuambiwa neno. Wanayo lugha moja. Shida huzuka pale mwenye lugha hiyo anapozungumza na asiyekuwa nayo, na kila mmoja akadhani mwenziwe amefahamu.

Sasa tuirudie habari ya Bibi. Ngazi haikuweza kubomolewa, kwani ilishika nguzo za jengo, na pesa zilikuwa zimekwisha. Tulichofanya ni kuweka pa kushika kwa ajili ya wenye nguvu, kisha tukaanza tena kukusanya, ili tujenge chumba cha chini cha kina mama uani, katika kiwanja kilichobaki cha mita 5 kwa mita 7. Kijana yule yule ndiye tuliyemwita. Wako waliotuuliza kwa nini hatukutafuta mwingine. Tuliwajibu kwamba huyu amekwisha kujifunza kwa gharama yetu, na sisi tumejifunza kwa gharama ya Bibi. Kumtafuta mgeni ni kuanza upya.

Safari hii hakuja na karatasi. Alikuja mkono mtupu, akaomba kuketi na kina mama watakaotumia chumba, nao wakaketi naye barazani. Akawauliza huja saa ngapi, huja na watoto wangapi, maji hushika wapi, nani hana miguu ya kuchutama. Akaandika. Baada ya wiki moja akarudi na michoro mitatu ya penseli, akawaambia wachague au wakatae yote. Wakaikataa miwili, na wa tatu wakautia mkono. Kisha aliwapa wanafunzi wetu wakubwa maboksi ya sabuni, makasi na gundi, akawaonyesha kukata kuta kwa kipimo. Wakatengeneza chumba kidogo chenye madirisha, kikawekwa juu ya jua la asubuhi, na kila mtu akaona mwangaza utaingia wapi.

Mwisho akaja na kamba, vigingi na chokaa. Tukaipima kwanza kibla, tukavuta kamba, na chumba kizima kikachorwa chini kwa ukubwa wake halisi, pamoja na ile robo ya duara ya mlango. Tukamwita Bibi. Akaja na fimbo yake, akaingia kwa mlango wa chokaa, nasi sote tukanyamaza kumtazama. Alipofika kizingitini akasimama. Akasema, "Mwanangu, mlango huu wanijia mimi?" Kijana akamjibu, "Ndiyo, Bibi, wafungukia nje." Akasema, "Basi utanipiga. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili udhu haujakauka. Nitarudi nyuma nianguke."

Kijana hakubishana. Akaufuta mstari kwa mguu, akachota chokaa, akachora robo ya duara upande wa ndani. Gharama yake ilikuwa konzi moja ya chokaa. Kisha Bibi akataka kiti kidogo, akaketi mahali pa kutawadhia, akanyoosha mkono kuonyesha bomba liwe usawa gani. Kijana akapima kutoka chini hadi mkononi mwake, akaandika. Hapana kitabu ambacho kingalimpa kipimo kile.

Chumba kilijengwa. Hakina kipandio hata kimoja. Kina mwinamo mfupi wa saruji, na ubavuni pake bomba la chuma la kushikia. Mlango wafungukia ndani. Bibi huketi safu ya mbele, na mara nyingine hutusahihisha tukikosea jina la mpokezi wa hadithi.

Enyi wazee wa familia na wa kamati, mtakapoletewa mchoro, msione haya. Wekeni kidole juu ya kila mstari msioujua mkaulize, "Hiki ni nini?" Ombeni mchorewe chini kwa kamba na chokaa, mwingie na mtoke. Na kabla ya kusema ndiyo, muulizeni mwanamke, mtoto na mgonjwa, kwani mtu mzima mwenye afya hupita mlango wowote.

Na ninyi vijana, hasa mnaosomea ufundi na usanifu, nao ni ilimu yenye manufaa na thawabu ikiwa nia ni njema, jueni kwamba mistari yenu ni amana. Pesa za wanyonge hugeuka mawe kwa kufuata kalamu zenu. Msitosheke na vichwa vinavyotikisika. Mwambieni mwenye nyumba, "Nieleze wewe sasa, utaingiaje na utatokaje," kama sisi tuwaambiavyo watoto wetu wasome tuwasikie. Akikosea, shukuruni Mungu kwamba amekosea juu ya karatasi.

Tulipokuwa wadogo tulisomea ubao wa mti, ambao mwalimu aliuandika, tukasoma, tukauosha, ukaandikwa tena. Hatukupata kuona aibu kwa kuosha ubao. Na iwe hivyo katika majengo yetu: tuandike, tuulizane, tufute, tuandike tena, wakati kufuta bado ni rahisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa haya yetu iliyokuwa si mahali pake, amlipe Bibi yetu kwa kila kitumbua nyumba katika Pepo, na atujaalie majengo ambayo hayamwachi mtu penye viatu. Amin.